Mashine Iliyofundishwa Kunyamaza

Al Warqa, Jumapili, 2 Novemba 2025

Mwanangu Fanuel,

Nakuandikia kwa karatasi kwa sababu kwenye simu huwa unasema "niko poa mama, niko poa," na mimi nasahau yote niliyotaka kusema. Karatasi haina haraka. Khalfan dereva anakuja huko Jebel Ali kila Jumatatu na Alhamisi kuchukua mizigo ya sir, mume wa madam, basi ndiye atakuwa posta wetu. Nimempa barua hii, mkate wa kumimina na kifuko cheusi. Kifuko usikibwage, baba. Ndani mna kompyuta ya madam Rayya.

Unamkumbuka Bi Thuwaiba, mama yake madam, niliyekuwa namwogesha na kumlisha uji mpaka alipofariki kabla ya Ramadhani. Aliondoka Unguja msichana, lakini Kiswahili chake hakikuondoka Unguja hata siku moja. Madam alikuwa akimrekodi bibi akisimulia, akiimba nyimbo za kubembeleza watoto, akigombana na watu wa kwenye televisheni. Sauti zote zimo humo, na kompyuta imekufa, haiwaki. Madam alitaka kuipeleka kwa mafundi wa Deira. Nikamwambia, "Madam, Deira? Na mimi nina mtoto?"

Akauliza, "Mtoto wako anajua kompyuta?"

Nikamwambia, "Madam, mwanangu ndiye mkuu wa kompyuta za Jebel Ali. Kompyuta inayomwona Fanuel inajitengeneza yenyewe."

Akacheka mpaka akashika kiti. "Nyinyi watu wa Bukoba kwa majisifu!" Acha acheke. Ataona.

Usiniangushe. Na kula.

Mama yako,
Auleria


Jebel Ali, 5 Novemba 2025

Shikamoo mama,

Kompyuta imefika salama. Mkate haukufika: Chacha, mwenzangu wa chumba, aliuona kabla yangu.

Mama, mimi si mkuu wa kompyuta za Jebel Ali. Mkuu wa ghala letu ni Irshad, na hata yeye ana mkuu wake. Sisi tunapokea kompyuta kuukuu za maofisini, tunafuta kilichomo ndani ili siri za wenyewe zisisafiri, kisha zinapakiwa kwenda Dar na Mombasa. Kufuta kwetu si kama kufuta picha kwenye simu. Tukifuta haibaki hata harufu.

Lakini nikupe habari ya kujisifia, maana najua utaitafuta. Mashine tunayotumia ina kioo cheusi chenye herufi nyeupe. Unachomeka diski, unaandika amri, na kabla haijafuta inakuuliza: una hakika? Kila kitu kilichomo kitapotea. Ukijibu ndiyo, inaanza. Sasa fikiria, kutwa nzima ndiyo, ndiyo, ndiyo, mpaka kidole kinajibu jicho halijasoma. Irshad akawa analalamika tunachelewa, yalla, yalla. Basi mimi nimeifundisha mashine isiulize tena. Diski ikichomekwa tu, inafutwa. Irshad amenipiga bega mbele ya watu wote.

Kompyuta ya madam naona imekufa umeme tu, diski yake ni nzima. Nitaitoa kesho wakati wa chakula, niinakili hapa hapa kazini. Usimwahidi kitu kingine tafadhali.

Mwanao,
Fanuel


Al Warqa, 9 Novemba 2025

Fanuel baba,

Marahaba. Barua yako nimeisoma mara mbili peke yangu na mara moja kwa madam, ile sehemu ya mashine isiyouliza. Nikamwambia, "Umeona, madam? Mashine yenyewe imesalimu amri. Haimuulizi tena mwanangu." Akasema mashallah. Alisema kwa moyo, si kwa kunitania.

Kanisani nako nimewaambia. Rispah, yule Mkenya anayelea watoto nyumba ya pili, akasema na wake yuko Nairobi anasoma mambo hayo hayo. Nikamwambia, kusoma ni kuzuri, wangu anatenda.

Sasa sikiliza. Dada yake madam, Bi Zuwena, anakuja kutoka Maskati mwisho wa mwezi. Hakuwahi kumuona mama yao siku za mwisho, ndege ilimchelewesha. Madam anataka wakae pamoja wamsikilize. Amenunua na spika mpya. Kila asubuhi ananiuliza, "Auleria, mwanao amesemaje?" Namjibu, "Madam, chakula kizuri hakifunuliwi kabla hakijaiva."

Nakutumia senene, wametoka Muleba kwa mkono wa mtu. Bi Thuwaiba akiniona nawakaanga alikuwa anasoma dua mpaka nimalize. Chacha mpe kidogo, asije akala na mfuko.

Mama yako,
Auleria


Jebel Ali, 12 Novemba 2025

Mama,

Asante kwa senene. Kompyuta bado. Kuna waya unakosekana. Mwambie madam asubiri.

Fanuel


Al Warqa, 16 Novemba 2025

Mwanangu,

Hii ni barua au risiti ya duka? Shikamoo hamna. Chacha hamna. Senene uliokuwa ukilia kwa ajili yao ukiwa mdogo, "asante" tu! Nimekuzaa, nakujua. Wewe ukinyamaza ni mambo mawili: unaumwa, au kuna msichana.

Nimemhoji Khalfan. Amesema huumwi, ila una chafya. Akasema tena kuna askari wa getini, Mkenya, jina lake Judy, amekusalimia ukampita kama nguzo. Haa! Mtu hampiti hivyo mtu asiyempenda. Kama mmegombana mwombe radhi. Kama ni Mlokole, hilo tutaliongea. Mimi sina ubaya na mtu, mradi anajua kupika ndizi, na asipojua nitamfundisha.

Huo waya unaitwaje? Uandike jina, Khalfan ataupitia Al Ras, huko hakikosekani kitu. Bi Zuwena ameshakata tiketi. Madam amefua mapazia ya chumba cha bibi, amefukiza udi, spika ameiweka pale pale kwenye meza ya dawa. Ananitia huruma. Jana nilimkuta amekaa humo peke yake, akaniambia, "Auleria, nimeanza kuisahau sauti yake. Naikumbuka akiwa mgonjwa tu. Ile ya zamani imenitoka."

Nikamwambia, "Fanuel anaileta."

Kwa hiyo baba, uilete.

Mama yako,
Auleria


Jebel Ali, 19 Novemba 2025

Shikamoo mama,

Kabla hujaendelea kusoma, kaa chini.

Hakuna waya. Wala Judy si kitu, ni kweli alinisalimia na sikumsikia. Diski ya madam nimeifuta.

Ilikuwa Alhamisi ile ile niliyokwambia. Nilikuwa nimeandaa kila kitu ili niinakili. Nikaichomeka kwenye mashine yetu, ileile, kwa mazoea ya mkono tu, maana siku zote nikishika diski mkono unakwenda pale. Irshad akaniita, nikageuka kumjibu. Niliporudisha macho kioo kilikuwa kimeshaandika: tayari. Diski za siku hizi hazichukui muda, mama. Ni kama mtu kuzima taa.

Ingeniuliza. Hilo ndilo linaloninyima usingizi. Ingeniuliza tu kama zamani, ningeona si diski ya kazini, ningejibu hapana. Mimi mwenyewe ndiye niliyeiziba mdomo, na bega nikapigwa.

Nimempelekea Wahid, ana duka Deira, kazi yake ni kurudisha vitu vilivyopotea kwenye kompyuta. Amehangaika nayo siku nzima. Akanirudishia bila kudai kitu, akasema, "Khalas, ndugu yangu. Hapa hakuna kitu."

Nimeomba ruhusa, wananipa Ijumaa ya wiki ijayo. Nitakuja nimwambie madam mwenyewe. Tafadhali usimwambie wewe. Ukimwambia wewe utanisifia humo humo.

Nisamehe, mama.

Fanuel


Al Warqa, 23 Novemba 2025

Fanuel,

Nimemwambia.

Usinikasirikie. Asubuhi alinijia jikoni anacheka, akaniuliza, "Eti, waya umepatikana?" Na mimi barua yako iko mfukoni mwa aproni. Mdomo wangu unaweza mengi, mwanangu, lakini huo uongo haukupita.

Unajua kwetu habari nzito haimwagwi. Mtu unamkalisha kwanza, unampa maji, unamshika mkono, aone mwenyewe kwamba kuna jambo linakuja, ajiandae. Ndivyo nilivyofanya. Nikamtolea kiti. Nikamletea maji. Nikamvua miwani nikaiweka mezani. Nikamshika mikono yote miwili.

Akaniuliza, "Auleria. Nani?"

Nikasema, "Ni Fanuel, madam."

"Ya Allah!" Alipiga ukelele huo! "Mtoto wa watu! Kijana mdogo!" Akanikumbatia, analia, ananipigapiga mgongoni, "Jikaze Auleria, jikaze dada yangu, Mungu ndiye aliyekupa." Na mimi nikimwona analia nikalia naye. Tumekulilia, Fanuel, wewe ukiwa mzima unakula biriani Jebel Ali. Mpaka Khalfan akaingia.

"Kuna nini? Nani kafa?"

Madam akasema, "Fanuel!"

"Fanuel yupi? Huyu niliyemwacha jana anapiga chafya?"

Ndipo madam akaniachia akanitazama. Nikasema, "Hajafa, madam. Amefuta."

"Amefuta nini?"

Nikatafuta neno, sikulipata lingine. Nikasema, "Bibi. Amemfuta bibi."

Kitu cha kwanza alichosema, nakuapia, ni alhamdulillah. "Mtoto mzima? Alhamdulillah." Akayanywa yale maji yote. Kisha uso ukabadilika taratibu, kama mtu aliyejikata na kisu halafu ndipo anaiona damu. Akainuka, akaingia chumbani kwa bibi, akafunga mlango. Ilikuwa juzi. Tangu hapo ananiambia "chai" na "asante," basi. Visa yangu inaisha mwezi ujao na sir ndiye kafeel, mdhamini wangu. Sijui kama ataniandikisha tena, na sina uso wa kuuliza.

Wewe nimekukasirikia kwa jambo moja tu. Kufuta ni mkono. Lakini waya, Fanuel? Mimi nimesimama jikoni kwa watu namtetea mtoto kwa waya ambao haupo?

Na mimi nimekutoa mbele ya watu kama sahani za wageni, mpaka ukaogopa kuniambia kuna moja imevunjika. Hilo nimeliona.

Nimeweka maandazi. Kula. Unakonda, Khalfan amesema.

Mama yako


Jebel Ali, 26 Novemba 2025

Shikamoo mama,

Nimeisoma barua yako nimecheka na kulia palepale kwenye mlango wa ghala. Chacha akadhani nimefukuzwa.

Ruhusa ya Ijumaa imefutwa, kuna kontena limeingia. Nitakuja siku yoyote madam atakayonitaka, na asiponitaka nitakaa mbali. Mfikishie salamu zangu na unyonge wangu. Kama ataamua jambo lolote juu yako, mwambie wewe hukushika mashine, nilishika mimi.

Swali nimelirudisha. Irshad alifoka: "Why? Why slow again?" Nikamsimulia yote. Akasema mama yake naye amefariki Peshawar, na yeye hana hata picha yake moja. Akanipa siku mbili nifanye nipendavyo.

Swali la zamani lilikuwa bovu, mama. Lilikuwa linauliza vilevile kila mara, na jibu lake lilikuwa herufi moja. Swali linalofanana kila siku ni sawa na kutouliza. Kwa hiyo sasa mashine inatafuta kwanza kilichomo, inakuonyesha, na ndiyo haitoshi: lazima uandike jina la diski lote. Na kwa kuwa sisi wa zamu hii ni Watanzania, Wakenya na Mganda mmoja, nimeliandika kwa Kiswahili. Lisome, uniambie:

"Ngoja. Diski hii ina picha na sauti za watu. Ukiifuta, hazirudi, hata kwa fundi. Kama una hakika, andika jina lake. Kama huna, chomoa, ukamuulize mwenyewe."

Chacha amesema linamkumbusha shangazi yake. Analalamika, lakini jana lilimfanya achomoe moja, akaenda kuuliza.

Mwanao,
Fanuel


Al Warqa, 30 Novemba 2025

Kwa kijana wangu Fanuel,

Hujambo. Huyu ni Rayya nakuandikia, madam wa mama yako. Mama yako hajui, nimempa bahasha Khalfan mwenyewe.

Sitokudanganya kuwa sikuumia. Niliumia, na bado. Dada yangu Zuwena amekuja, tumekaa chumbani kwa mama bila ya sauti, tumelia, tumekula, keshaondoka. Lakini yeye ndiye aliyenikumbusha kitu. Miaka ile nilikuwa nikimrikodia maneno kwenye simu nikimpelekea Maskati, habari za nyumbani tu, na mama alikuwa hawezi kunyamaza mtu akisema. Yumo nyuma yangu. Mahala anapiga kelele, mahala anakohoa. Ndiyo yaliyobaki.

Simu yangu imejaa tele. Kila siku inaniambia nifute. Miye naogopa hata kuigusa. Sir anasema tuipeleke kwa mafundi wakubwa. Nimemwambia sitaki. Wahenga wamesema aliyetafunwa na nyoka akiona unyasi hushtuka. Miye namtaka huyo anayeshtuka.

Njoo Jumapili. Utafanya mbele yangu.

Rayya


Jebel Ali, 10 Desemba 2025

Shikamoo mama,

Najua umekasirika kwamba madam alikutuma Al Ras kununua iliki siku ile ile niliyokuja. Alifanya makusudi. Aliniambia, "Mama yako akiwepo atanisimulia unavyoshika waya, nami nataka kusikia simu." Kwa hiyo nakusimulia mimi.

Alinikaribisha kule kule chumbani kwa bibi. Nilianza kumwomba radhi, nilikuwa nimepanga maneno tangu kwenye metro, yakanipotea yote. Akasema, "Basi. Kaa. Umekula?" Mama, anasema kama wewe.

Nikanakili sauti zote mara mbili, moja yake, moja ya Bi Zuwena. Kila hatua nikamwuliza. Madam, hii ninakili? Madam, sikiliza kwanza, ndiyo yenyewe? Madam, naendelea? Akavumilia, akavumilia, mwisho akapiga paja: "Fanuel, wallahi, unanihoji kama afisa wa uhamiaji! Fanya, khalas!"

Nikasema, "Hapana madam. Nitauliza."

Alicheka. Mara ya kwanza tangu nifike.

Ikabaki kuipa simu nafasi. Nikamchagulia zile sauti ambazo tumeshazinakili, simu ikaandika: futa? Kitendo hiki hakiwezi kurudishwa. Nikamgeuzia kioo asome mwenyewe. Akasoma. Akasema, "Ile moja ya kati, icheze tena."

Tukaisikiliza. Sikuambii bibi anasema nini humo, madam amenikataza. Ilipokwisha alishika simu kwa mikono miwili, akaniambia, "Usifute."

Nikamwambia, "Nakala ziko mbili, madam. Nimezijaribu. Hakitapotea kitu."

"Najua. Nakuamini. Usifute."

Basi nikabonyeza hapana. Mama, tangu nianze kazi hii sijawahi kubonyeza hapana. Kidole kilikwenda polepole kama cha mtu anayejifunza. Video za mapishi ndizo tulizozifuta badala yake, na alizisoma majina moja moja.

Mwanao,
Fanuel


Al Warqa, 14 Desemba 2025

Fanuel baba, mwanangu,

Marahaba. Visa yangu sir amepeleka iandikishwe upya, juzi nimepigwa picha, nimetoka kama waziri. Padri nimemwambia kwamba mwanangu ameandika swali na kontena zima linasimama kulijibu. Rispah amenuna. Hayo tuyaache.

Jana nilikuwa jikoni nakanda unga wa chapati, mgongo nimeupa mlango. Madam akaingia, sikumsikia, anatembea kama paka. Mara nikasikia nyuma yangu:

"Auleria! We Auleria! Njoo uitazame chai yako hii! Chai au maji uliyooshea vikombe?"

Nikaitika, "Abee bibi, naja!"

Mwanangu, nimeshafika ukumbini. Mikono imejaa unga hivi, nakwenda chumbani kwake kumbadilishia chai, nimeshapanga na la kumjibu. Nikaukuta mlango uko wazi na kitanda kimetandikwa. Ndipo nikakumbuka.

Nikageuka. Madam amesimama jikoni na simu kifuani, anacheka machozi yanamtoka, ananionyesha kidole. Nikarudi nikasimama karibu yake. Tukaegemeana, unga wote ukahamia kwenye buibui lake.

Akaniuliza, "Nicheze tena? Una hakika?"

Nikamwambia, "Nina hakika, madam."

Akabonyeza. Bibi akaniita. Nikaitika tena, safari hii taratibu, kwa kujua.

Mama yako,
Auleria